Kuirudisha hukumu Muleba: shajara ya mradi wa sheria ya mirathi

Januari, Dar es Salaam

Fedha za mradi zimeingia. Si nyingi, ila zinatosha nauli, muda wa redio na uchapaji. Kwa atakayeianza shajara hii katikati: sisi ni wahadhiri wa sheria pamoja na wanafunzi wachache wa mwaka wa mwisho, na kwa miaka kadhaa tumekuwa tukiandika kuhusu mwanamke na ardhi ya ukoo. Makala zetu ziko kwenye majarida, kwa Kiingereza, na wanaozisoma ni watu kama sisi. Sasa tunataka kuyafikisha tuliyoyajua kwa wenye ardhi yenyewe. Tunaanza na wilaya ya Muleba, mkoani Kagera.

Muleba tumeichagua kwa sababu ya kesi moja. Tarehe 24 Agosti 1988 Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya, aliuza shamba alilorithi kwa wosia wa baba yake. Mnunuzi alikuwa mtu wa nje ya ukoo, bei shilingi 300,000. Kesho yake tu jamaa yake wa ukoo, Bernardo Ephrahim, akafungua shauri Mahakama ya Mwanzo Kashasha akitaka mauzo yabatilishwe, kwa hoja kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ikamkubalia, Mahakama ya Wilaya ya Muleba ikatengua, shauri likapanda hadi Mahakama Kuu Mwanza. Tarehe 22 Februari 1990 Jaji James Mwalusanya aliamua kwamba mwanamke anaweza kuuza kama anavyoweza mwanamume. Alisimama juu ya haki za msingi zilizoingizwa kwenye Katiba mwaka 1984 na kuanza kudaiwa mahakamani Machi 1988, miezi michache tu kabla ya mauzo yale.

Hukumu hii imekwenda mbali. Inafundishwa vyuoni, inatajwa na waandishi wa haki za binadamu hadi nje ya Afrika. Naona ni deni kwetu sisi tunaoishi kwa kuifundisha: watu wa Muleba waipate nzima, kwa lugha wanayoongea, pamoja na yaliyofuata baada yake.

Jambo tunalolifanya si geni. Kamati ya Msaada wa Kisheria ya kitivo cha sheria cha Dar es Salaam ilianza mwaka 1967, wahadhiri wakiwasikiliza watu wasio na uwezo wa kulipa wakili. Miaka ya 1991 na 1992 Profesa Issa Shivji aliongoza Tume ya Rais ya Uchunguzi wa Masuala ya Ardhi, iliyozunguka Tanzania Bara ikisikiliza wananchi hadharani, na ripoti yake haiwezi kurukwa na yeyote anayetaka kuielewa Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji za mwaka 1999, hata pale ambapo sheria hizo ziliyaacha mapendekezo ya Tume. Waliotutangulia walijua kwamba mwanasheria wa chuo akienda kwa watu anarudi na kitu. Nataka wanafunzi wetu walijue hilo kabla hawajapanda basi.

Februari, Dar es Salaam

Mwezi mzima tumeandika. Rasimu ya kwanza ya kipeperushi ilianza hivi: "Kwa mujibu wa kifungu cha 3(2) cha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, haki ya mwanamke ya kupata, kumiliki, kutumia na kushughulikia ardhi ni sawa na ya mwanamume." Kila neno ni la kweli. Mwanafunzi wetu mmoja, mzaliwa wa Kamachumu, akauliza swali ambalo mama yake angeuliza: "Sawa. Halafu?"

Tukaandika upya kuanzia pale mtu alipo. Baba amefariki. Kaburi lipo kwenye kibanja, yaani shamba la migomba la nyumbani, migomba inaendelea kuzaa, kaka wanakutana, wewe hujaitwa. Unafanya nini kwanza? Kipeperushi sasa kinaanza na cheti cha kifo na kinakwenda hatua kwa hatua hadi mlango wa mahakama. Namba za vifungu tumezipeleka mwisho kwa herufi ndogo, ili anayetaka kumwonyesha mtendaji azikute.

Lugha ya kuandikia haikutusumbua kama tulivyotazamia. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 Kiswahili ni lugha ya sheria na ya mahakama, na mfano wa kuandika hukumu kwa Kiswahili fasaha tunao: Jaji Zephrine Galeba aliandika hivyo akiwa Mahakama Kuu Musoma, na Februari 2021 akateuliwa kuwa Jaji wa Mahakama ya Rufani. Maneno yapo. Kazi ni kuacha mazoea ya kufikiri sheria kwa Kiingereza ndipo tuitafsiri.

Kilichotugawa ni kingine: tuwaambie watu ukweli kiasi gani? Maana sheria yenyewe inasema mambo mawili. Hukumu ya 1990 inasema mwanamke anauza kama mwanamume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 20(2), inabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke ardhi. Lakini Tangazo la Serikali Na. 436 la mwaka 1963, lenye kanuni za urithi za kimila, bado limo vitabuni, na kanuni yake ya 20 inasema mwanamke anaweza kurithi isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo ataitumia tu bila kuiuza. Ataimiliki moja kwa moja pale tu ambapo hakuna mwanamume wa ukoo ule. Wajane wawili, Wasukuma, walikwenda Mahakama Kuu kulipinga tangazo hilo. Mwaka 2006 mahakama ikakiri kwamba kanuni zinabagua, ikakataa kuzifuta. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa yao kwa kasoro za kiutaratibu. Mwaka 2015 Kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake ikaamua kwamba Tanzania imekiuka haki zao.

Mwenzetu mmoja alitaka tuseme tu, "Mwanamke ana haki sawa," tuishie hapo. Hoja yake ina uzito: ukimweleza mtu kwamba sheria inagongana, umempa kaka yake silaha. Mimi nilisimama upande wa pili. Kaka atalitaja Tangazo la 1963 hata tusipolitaja, na siku hiyo mama atajiona tulimdanganya. Tumeafikiana kusema yote, kwa mpangilio: kwanza kilicho imara, kisha kinachobishaniwa, kisha jinsi ya kujilinda mapema usifike kwenye ubishi. Hilo la tatu ndilo lililotuongezea ukurasa kuhusu wosia.

Machi, Bukoba na Muleba

Barua ya utambulisho imepita njia yake: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, Wilaya, halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Ilichukua muda na sioni ubaya. Kila meza iliyogonga muhuri iliuliza tunataka kusema nini, na kila mahali palikuwa na mtu aliyevuta kiti akatuuliza swali la mirathi ya kwao.

Kabla ya kuzungumza na umma tumekaa na wanaozungumza nao kila siku: wasaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua na kuwasajili. Hawasimami mahakamani kama mawakili, lakini ndio wanaomsindikiza mtu hadi kwa karani na kumwandikia barua. Tulikuja na mada. Wao walikuja na daftari. Mama mmoja msaidizi, daftari lake limevikwa gazeti na kurasa zake zimegawanywa kwa rula, alitusomea mashauri aliyoyapokea: nani alikuja, alikwama wapi, alirudi au hakurudi. Safu ya "alikwama wapi" ilitufundisha kuliko mahojiano yoyote tuliyowahi kufanya. Wengi walikwama kwenye muhtasari wa kikao cha ukoo.

Nieleze. Ukienda Mahakama ya Mwanzo kufungua mirathi, kwa mazoea utaulizwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha ukoo kilichompendekeza msimamizi. Muhtasari huo unasaidia mahakama kuwajua warithi na kupunguza ugomvi. Lakini kikao cha ukoo si sharti la kisheria. Mtu mwenye maslahi anaweza kuomba bila hicho na mahakama ikamsikiliza. Binti ambaye kaka zake wanakataa kuitisha kikao, au wanakiitisha bila yeye, anaamini mlango umefungwa. Anarudi nyumbani, miaka inapita, na madai ya ardhi yana ukomo wa miaka 12.

Tumelihamishia jambo hili juu kabisa ya kipeperushi. Katika makala zetu zote za nyuma halimo.

Tulipita pia Mahakama ya Mwanzo kujitambulisha. Hakimu alitupokea vizuri. Karani alitupa muda mrefu zaidi, na ndiye hasa niliyemhitaji. Alifungua jalada tupu akatuonyesha mpangilio: ombi, tangazo linalobandikwa ubaoni ili mwenye pingamizi ajitokeze, uteuzi wa msimamizi, kisha orodha ya mali na hesabu ya mgawo. "Hapa mwisho ndipo watu hawarudi," alisema, akigusa sehemu ya hesabu. Msimamizi akishapewa barua yake anaondoka na kukaa kama mwenye mali.

Tumemwomba aisome rasimu ya kipeperushi. Ameirudisha na kalamu nyekundu mahali pawili, na pote ana haki.

Aprili, Bukoba. Redio

Mvua za masika hazikatiki, na barabara za vijijini zina hali yake. Redio imekuja wakati wake.

Makubaliano na kituo: vipindi vya jioni, watu wakiwa wametoka shambani. Mtangazaji anauliza, sisi tunajibu, halafu simu zinafunguliwa. Niliandaa maelezo. Mtangazaji, mtu mwenye subira na sauti nzuri, aliyapitia akasema wasikilizaji wake hawamsikilizi mtu anayesoma. Tukayaweka pembeni. Tukabaki na kisa cha Holaria Pastory tangu siku ya mauzo hadi siku ya hukumu, nikikieleza kwa mdomo tu.

Simu zikaanza hata kabla hatujafika Mwanza kwenye kisa. Nayaandika maswali kama yalivyokuja, kwa sababu ndiyo matokeo ya mradi kwa mwezi huu:

Kaka yangu ni msimamizi wa mirathi, ameuza nusu ya kibanja, anasema mahakama ilimpa. Jibu: msimamizi hakupewa mali, amepewa kazi ya kuikusanya, kulipa madeni na kuigawa kwa warithi. Akiitumia vibaya, mrithi anarudi mahakama ileile iliyomteua kuomba uteuzi wake utenguliwe.

Baba alisema mbele ya watu kwamba kipande cha chini ni changu, hakuandika. Jibu: chini ya kanuni za kimila wosia wa mdomo unakubalika ukiwa na mashahidi wasiopungua 4, wawili wa ukoo na wawili wa nje. Nenda ukawatafute hao mashahidi wakiwa hai. Wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unataka mashahidi wasiopungua 2, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje.

Mume wangu yu hai, anataka kuuza nyumba tunayoishi, mimi sitaki. Jibu: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 59, inamzuia kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa yako.

Tumeachana. Anasema sikuleta hela, kwa hiyo sina changu. Hapa nilipata nafasi ya kueleza kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ambapo Mahakama ya Rufani ilisema kazi za mke nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa. Simu zilizofuata zilikuwa nyingi mno, na wengi wa wapigaji walikuwa wanaume wakitaka kujua mchango huo unapimwaje. Nikawaambia kila shauri hupimwa kwa ushahidi wake, na kwamba Mahakama ya Rufani haikusema mke anapata nusu moja kwa moja. Nadhani ni katika jibu hilo tulipoaminiwa. Mtu anayesikia mwanasheria akitaja mpaka wa hoja yake anamsikiliza tofauti.

Tumeweka kanuni moja, na hatutaivunja: hewani tunaeleza sheria kwa ujumla, hatutoi hukumu juu ya kaka wa mtu ambaye hayupo kujitetea. Anayehitaji ushauri wa shauri lake anaelekezwa kwa msaidizi wa kisheria wa kata yake. Studio ina orodha yao.

Jambo la pembeni, lakini linanigusa. Wanafunzi wamekata vipindi kuwa vipande vifupi vya sauti na vinazunguka WhatsApp. Kijana wa bodaboda aliyenipeleka stendi alikuwa nacho kwenye simu yake kile cha msimamizi. Alitumiwa na shangazi yake.

Mei, vijiji vya Muleba

Mwezi wa kukutana ana kwa ana. Nitaandika kwa urefu kuhusu mkutano mmoja, kwa sababu umebadilisha namna ninavyoisoma hukumu ninayoifundisha.

Tulikuwa chini ya miti ya shule, mabenchi yametolewa madarasani. Wanawake upande mmoja, wanaume upande mwingine, wazee mbele. Nilipomaliza kisa, mzee mmoja akasimama, akanishukuru kwa heshima, akasema: "Mwalimu, pale kwenye kibanja wamelala baba na babu. Wewe unakuja kutuambia binti aliyeolewa mbali auze kwa mtu asiyejulikana. Hapo umeleta haki au umeleta vita?"

Wanawake walikaa kimya. Hili ndilo pingamizi lenyewe, wala si chuki. Mtu anayelijibu kwa kifungu cha Katiba peke yake amemkimbia mzee.

Nikamsomea mwisho wa hukumu, sehemu ambayo darasani tunaipita haraka tukiharakia usawa na mikataba ya kimataifa. Jaji Mwalusanya hakuifuta haki ya ukoo ya kukomboa ardhi yake. Alisema mila ilikuwa hivi: mwanamume wa ukoo akiuza ardhi ya ukoo kwa mtu wa nje bila ridhaa, mauzo yanasimama, ila mwana ukoo anaweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi bei aliyolipa. Akaamua kwamba kuanzia hapo utaratibu uwe mmoja kwa wanaume na wanawake. Bernardo Ephrahim akapewa miezi 6 kurudisha zile shilingi 300,000 na kuichukua ardhi. Akishindwa, inabaki kwa mnunuzi.

Mzee akaniomba nirudie. Nikarudia. Akageuka akazungumza na wenzake kwa Kihaya, mwanafunzi wetu akanitafsiria: wanasema basi tatizo ni pesa, na ukoo unaweza kuchanga. Mama mmoja wa upande wa pili, ambaye tangu mwanzo hakuwa amesema neno, akasimama. "Tena tukichanga, na sisi mabinti tuchange. Tukomboe na sisi."

Mazungumzo yaliyofuata yaliendeshwa na wao. Waliulizana kama binti aambie ukoo kwanza kabla ya kutafuta mnunuzi, apewe muda gani, na bei iwe ya nani. Hawakukubaliana kwenye bei. Mtendaji wa kijiji aliandika. Wasaidizi wa kisheria wameahidi kulipeleka suala hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji unaofuata, ili ukoo unaotaka kujiwekea utaratibu wa maandishi usaidiwe kuuandika bila kumnyima binti haki yake.

Nimekaa na hukumu ile usiku nikiwa na kalamu. Kwetu vyuoni hii ni kesi ya Katiba kuishinda mila. Kwa wazee wa Muleba ni kesi iliyoichukua mila ya kukomboa ikaipanua hadi kwa wanawake. Usomaji wao una msingi katika maneno ya hukumu yenyewe, na una nguvu ya kuleta makubaliano mahali ambapo usomaji wetu unaleta ushindi wa karatasi. Muhula ujao nitaifundisha kwa namna zote mbili.

Juni, Dar es Salaam

Ripoti ya nusu mradi imekwisha. Fomu ya tathmini ya mwaka inauliza makala ngapi, kwenye majarida gani. Vipindi vya redio, mikutano na kipeperushi vinaingia kwenye kisanduku cha huduma kwa jamii, chenye alama chache. Nimewaandikia wakuu wetu kupendekeza kipeperushi kilichopitiwa na hakimu, karani na wasaidizi wa kisheria kihesabiwe kuwa kazi ya kitaaluma, kwa sababu kimekaguliwa na watu wanaoijua sheria inavyotembea. Nalisema bila kusita, maana mhadhiri kijana mwenye mkataba wa miaka michache hawezi kwenda Muleba akijua safari hiyo inamrudisha nyuma kwenye foleni ya vyeo. Wapo vijana hodari wanaotaka kazi hii. Tusiwaadhibu kwa kuitaka.

Gazeti moja la Kiswahili limekubali safu fupi za kila wiki. Mhariri anataka maneno 600, swali moja kwa safu moja. Wanafunzi wameanza kuchagua kutoka kwenye maswali ya redio.

Julai, Dar es Salaam

Maswali yametuletea utafiti. Katika Mahakama za Mwanzo za Muleba, muhtasari wa kikao cha ukoo unafanya nini hasa? Ni mashauri mangapi yalifunguliwa bila huo, na waliofungua walikuwa kina nani? Ni wasimamizi wangapi walirudi kuwasilisha hesabu? Majibu yamo kwenye majalada. Tumeandika kuomba ruhusa ya kuyasoma kwa masharti ya kutotaja majina ya wahusika.

Tunaandaa pia waraka kwa Tume ya Kurekebisha Sheria kuhusu Tangazo la 1963. Safari hii hautakuwa wa hoja zetu peke yake. Tunaambatisha maswali ya wapigaji simu, safu ya "alikwama wapi" kutoka kwenye madaftari ya wasaidizi wa kisheria, kwa ridhaa yao, na pendekezo kuhusu haki ya kukomboa lililotoka kwenye mkutano wa Mei. Waraka unaandikwa kwa Kiswahili. Rasimu itasomwa kwanza Muleba, kwa sauti, kabla ya kwenda popote.

Yanayosubiri: toleo la pili la kipeperushi, ukurasa wa wosia ukiwa wa kwanza, mafunzo ya siku moja na makarani, waliyoyaomba wenyewe, na kumtafuta msomaji mwenye sauti nzuri wa kurekodi hukumu nzima ya 1990 kwa Kiswahili, pamoja na ule mwisho wake.